Swali la Kumi na Nne

Goma, 13 Septemba 2021

Papa Havugimana,

Nakusalimu wewe na wakristo wako wote wa huko juu Kibumba. Mama Nyiransengimana amenifikishia bahasha yako chini ya kabeji zake, karatasi za maswali, zile fishi, sitini na mbili, na hakuna hata moja iliyolowa. Nilinunua na kabeji ili kuja kwake ofisini kusionekane kitu cha ajabu. Nilitaka mbili, akaniuzia tatu. Wewe ndiye uliyetaka tuache simu na tuandikiane kupitia mkono wake, kwa kuwa simu siku hizi zina masikio mengi. Nimekubali, ingawa mwandiko wako wa kikatekista unanichosha: kila herufi imesimama wima kama inangoja komunyo.

Mguu unapona. Plasta imetolewa na sasa nachechemea tu. Kila nikipanda ngazi za ofisi naikumbuka ile siku ya Agosti nilipokuja kukufundisha kujaza fishi nikateleza kwenye mawe ya volkano, na wale wanaume walivyotokea wakanilaza kwenye kile kitanda chenu cha mianzi wakanishusha hadi barabarani. Saa tatu nzima. Nililia njia yote na sikuwashukuru hata kidogo. Yule aliyeshika mbele kushoto, Habarurema, alinisimulia habari za mbuzi wake ili nisahau maumivu: “Ule mbuzi, Madame, anaona mulango, lakini anataka dirisha.” Msalimie sana. Nasikia mkewe Uwizeye ni mjamzito.

Sasa kazi. Fishi zako ni safi kuliko zote tulizopata, ila swali la kumi na nne, lile linalouliza kama kuna kikundi cha wanaume kinachokutana na nani anakiongoza. Karibu wote wamejibu kwaya au mpira. Lakini mama mzee Nyiransabimana alikujibu hivi, nawe ukaandika kama alivyosema: “Filimbi ikilia, wanaume munane wanatoka. Mwenye hatoke, anajua yenye itamupata. Filimbi inakaa kwa Habarurema.” Kwenye fishi nyingine mbili kulikuwa na jibu, ukalikwangua mpaka karatasi ikatoboka.

Filimbi hii ni ya nini, Papa? Nieleze mapema, dosye, faili la fishi zote, inafungwa mwisho wa mwezi.

Binti yako,
Daniella Katungu


Kibumba, 18 Septemba 2021

Binti yangu Daniella,

Tunashukuru Mungu kwa mguu wako. Habarurema amefurahi kusikia unamkumbuka, amesema mbuzi naye anakusalimu na hajabadilika.

Umeniuliza swali moja, nami nina yangu. Ulipokuja hapa uliniambia utafiti huu ni wa bomba la maji. Nikapita nyumba sitini na mbili, kwa miguu yangu hii ya miaka sitini na moja, nikiuliza watu wanachota wapi. Hilo ni sawa. Lakini fishi inauliza pia baba anasikiliza neno la nani baada ya Misa, watoto wa kiume wasiolala nyumbani wako wapi, na shefu wa kijiji ameoa kwa nani. Bomba la maji lina shida gani na shemeji za shefu? Nimefundisha katekisimu miaka thelathini, najua swali linaloulizwa kwa sababu na swali linalojificha nyuma ya jingine.

Habari ya filimbi ni mambo ya kilima, si ya karatasi. Hakuna ubaya ndani yake. Mama Nyiransabimana ni mzee, anapenda kuongea akipata mtu wa kumsikiliza, na mimi nilikosea kuandika. Zile mbili nyingine nilizikwangua mwenyewe, sikatai. Naomba unirudishie fishi yake kwa mkono wa huyu mama wa kabeji. Nitaijaza upya.

Usinifikirie vibaya. Huku kwetu jina la mtu likishaingia kwenye karatasi ya mjini, halirudi jinsi lilivyoondoka.

Papa yako,
Havugimana, katekista


Goma, 4 Oktoba 2021

Papa Havugimana,

Barua yako imenichoma, na nitalisema hilo bila kuzunguka. Fishi ya Mama Nyiransabimana siwezi kuirudisha. Imeshaingia kwenye dosye, na dosye imeshaondoka mezani kwangu.

Ni kweli, si bomba tu. Bomba limo kwenye mpango, lakini waliotuagiza kazi hii ni watu wa usalama. Wanapanga namna ya kuwaondoa waasi milimani bila kuwaumiza raia. Mkuu wangu, Bwana Kasereka Donat, hutuambia kila Jumatatu kwamba vita vya namna hii huvishindi kwa kumjua adui, unavishinda kwa kumjua raia: anamsikiliza nani, anamwogopa nani, anapita njia ipi kwenda sokoni. Mimi naliamini neno hilo. Kwetu Butembo, mjomba wangu alipigwa risasi akiwa kwenye mihogo yake, kwa sababu aliyefyatua hakuwa na njia ya kujua kwamba yule ni mkulima tu. Laiti kungekuwa na fishi yenye jina lake. Ndiyo maana nafanya kazi hii, na sikuwa na sababu ya kukuficha ila kwamba tulikatazwa kuwaambia.

Kwa hiyo nilipouliza filimbi ni ya nini, nilikuwa nakupa nafasi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ulikwangua, ukataka kujaza upya, ukaniambia niache. Ungekuwa wewe umekaa kwenye kiti changu ungefikiri nini? Niliandika kile nilichokuwa nacho, sikuongeza wala kupunguza.

Na sasa nikikumbuka ile njia ya mawe, najikuta najiuliza walionibeba walikuwa akina nani, na walitoka wapi haraka namna ile, wote wakiwa tayari. Sipendi kujiuliza hivyo, lakini umenifanya nijiulize.

Daniella Katungu


Kibumba, 23 Oktoba 2021

Madame Katungu,

Jumanne, siku ya soko la viazi, wanajeshi walikuja na gari mbili. Afisa alisimama juu ya gunia akasoma karatasi kwa sauti. Nimeyashika maneno yake kama ninavyoshika somo la Jumapili: “Kikundi kisicho na jina. Wanaume wanane. Huitwa kwa filimbi. Asiyeitika huadhibiwa. Mwenye filimbi ni Habarurema. Katekista anajua na anaficha.” Sauti ilikuwa yake, maneno yalikuwa yako. Wamemchukua Habarurema na wengine watatu waliokuwa wamesimama naye wakipakia viazi. Wamepelekwa Goma. Uwizeye yuko mwezi wa saba.

Nitakueleza sasa, kwa kuwa haina faida tena kuficha.

Filimbi ni ya kuita wabebaji. Kile kitanda cha mianzi ulicholalia kinaitwa ingobyi, na kila kilima hapa kina chake, tangu babu zetu. Gari haifiki kwetu. Mtu akizidiwa, au mama akishikwa na uchungu, filimbi inalia, na wanane wenye zamu wanaacha majembe: wanne wanabeba, wanne wanapumzika, wanabadilishana mpaka kituo cha afya. Na ile adhabu iliyowatisha mjini ni hii: asiyetoka kubeba, siku ya mtu wake naye habebewi. Hiyo tu ndiyo “yenye itamupata”. Mama Nyiransabimana hakueleza zaidi kwa sababu hapa hakuna anayeeleza filimbi, kama vile hakuna anayeeleza sufuria.

Ulijiuliza waliokubeba ni akina nani. Ni hao, Madame. Ni wale wanane, na filimbi ni hiyo hiyo. Hukuisikia siku ile kwa sababu ulikuwa unalia.

Mimi sikuchukuliwa, ingawa nilitajwa. Nadhani wanataka kuona nitakwenda wapi na kwa nani. Na watu hapa wameanza kuniangalia kwa jicho la pembeni: kalamu ilikuwa yake, kwa nini ameachwa?

Ninyi mnaojua kuandika, andikeni sasa.

Havugimana


Goma, 27 Oktoba 2021

Papa,

Nimesoma barua yako nimesimama mlangoni, nikashindwa kurudi kwenye meza. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Saa tatu mabegani mwa watu, halafu nikaenda kuwaandika.

Asubuhi ile ile nilimwendea Bwana Kasereka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Hadithi nzuri. Nani anaithibitisha?” Nikamwambia mimi, nilibebwa. Akauliza nawajua kwa majina wangapi kati ya walionibeba. Mmoja, Papa. Namjua Habarurema peke yake, kwa ajili ya mbuzi. Wengine niliona migongo yao tu.

Amesema atapeleka barua ya masahihisho kama utaleta daftari la ingobyi: majina yote ya wabebaji, zamu zao, na nyumba zao. Likilingana na jinsi nilivyosema, wote wanne watatoka. Naomba ulilete.

Na kuna jambo jingine, nisamehe kwa kuliuliza. Afisa mmoja amesema wana habari kwamba watu wa filimbi waliwahi kumbeba mtu wa msituni. Nimesema si kweli. Niambie nilisema sawa.

Na wewe nawe, Papa, mistari mitano tu kuhusu wagonjwa mwezi wa tisa ingetosha. Kwa nini hukuiandika?

Daniella


Kibumba, 2 Novemba 2021

Madame Daniella,

Sikuiandika kwa sababu ya huyo huyo mtu wa msituni unayemuulizia. Ni kweli, tulimbeba.

Ilikuwa miaka tisa iliyopita. Kijana alikutwa bondeni ametobolewa tumbo. Hakuwa na bunduki, viatu vyake vilikuwa vya msituni. Filimbi ililia, wakambeba. Mwezi uliofuata ilikuwa zamu ya mwanajeshi aliyekanyaga kitu njiani, wakambeba naye. Ingobyi haiulizi, na siku itakapouliza haitakuwa ingobyi tena. Lakini wanajeshi waliposikia habari ya yule wa kwanza, walikuja wakawapiga wabebaji wetu kwa fimbo, na mmoja wao, ndugu yangu wa tumbo moja, hakuinuka. Ndipo tukakubaliana hakuna mgeni atakayeambiwa habari ya filimbi. Nilipoona swali lenu la kumi na nne, mkono wangu ulikwangua kabla kichwa hakijaamua.

Daftari nililipeleka kwenye mkutano baada ya Misa. Ni majina arobaini na moja. Nikawaeleza unachotaka. Jean de Dieu, ambaye ndugu yake ni mmoja wa wale wanne, ndiye aliyesimama: “Jina moja ilitosha kuleta gari mbili. Sasa arobaini italeta ngapi?” Mtu mmoja aliuliza kama si wewe na mimi tulipanga hili tangu mwanzo, wewe uvunjike mguu, mimi nikuitie wabebaji, ili uwahesabu. Nilicheka, kisha nikaona hakuna mwenzangu anayecheka.

Daftari tumelichoma. Ingobyi imepandishwa darini kwa Habarurema. Na nitakuambia ukweli: hata mimi sijui tena kama daftari uliliombea kuwatoa wanne au kuwapata waliobaki. Nataka kukuamini na siwezi.

Havugimana


Goma, 15 Novemba 2021

Papa Havugimana,

Sikulaumu kwa kutoniamini. Mimi pia siku hizi nikimwona Bwana Kasereka anatabasamu, nageuka kuangalia anamtabasamia nani.

Nimefanya kitu kimoja. Nilichukua fishi tupu nikaijaza mwenyewe, namba sitini na tatu. Jina: Daniella Katungu. Swali la kumi na nne nikajibu: kipo, ni kikundi cha kubeba wagonjwa, kilinibeba mimi tarehe kumi na saba Agosti, aliyeshika mbele kushoto ni Habarurema. Nikaambatanisha picha ya mguu na karatasi ya kituo cha afya, ambako muuguzi aliandika “ameletwa na wabebaji wa kilima”. Habari ya kijana wa viatu vya msituni sikuigusa. Kwa hiyo nami sasa nina langu la kukwangua.

Nilipeleka kwa mkono wangu kwa yule afisa, bila kupitia kwa Bwana Kasereka. Kesho yake nilikuta meza yangu imehamishiwa chumba cha mafaili ya zamani. Jumatatu siitwi tena kwenye mkutano.

Lakini wamekubali. Habarurema atatoka Jumamosi. Ni yeye peke yake, Papa. Hao watatu sikuweza kuwasemea, wakaniuliza kila mmoja jina lake na alikuwa ameshika upande gani, nami niliona migongo yao tu. Jean de Dieu asinione mbaya, au anione, ni haki yake.

Mwambie Habarurema nimefurahi. Atafika nyumbani kabla mtoto hajazaliwa, na hilo ndilo nililokuwa naliomba kila siku.

Binti yako, ukitaka,
Daniella


Kibumba, 12 Desemba 2021

Daniella,

Habarurema alifika. Amekonda, meno mawili ya mbele hayapo, lakini alifika, na Uwizeye alipomwona alikaa chini akamshika miguu. Nilikushukuru moyoni siku ile. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine.

Watu walikuja kumsalimu, wakasimama nje ya ua. Hakuna aliyeingia kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, aliyoandaliwa. Wamechukuliwa wanne, amerudi mmoja, na aliyerudi ndiye mwenye filimbi. Jean de Dieu alimuuliza mbele ya wote: “Kama haukutaja majina yetu, walikuachilia juu ya nini?” Akasema ni kwa sababu ya yule Madame wa mguu. Wakatazamana. Ni jibu la kweli, na hakuna jibu baya zaidi angeweza kulitoa. Nilijaribu kumtetea, lakini nani anamsikiliza katekista mwenye kalamu?

Jumatano, saa sita mchana, Uwizeye alishikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Habarurema alishusha ingobyi darini, akasimama pale juu ya mtelemko akapuliza filimbi.

Mchana ule hakuna aliyekuwa mbali. Wanaume walikuwa mashambani, watu wa palizi, nilihesabu zaidi ya ishirini. Alipuliza mara ya kwanza, majembe yakasimama. Alipuliza mara ya pili, majembe yakaendelea. Nilimwona Jean de Dieu kwa macho yangu ameinamia viazi vyake, na mama yake tulimbeba mwaka juzi. Sijui kama walikuwa na hasira au hofu. Nadhani kila mmoja alikuwa anaogopa kuhesabiwa. Alipuliza mpaka ya saba, na mdomo ule wenye pengo ukawa unatoa hewa tu.

Tulitoka watu wanne: Habarurema, mimi, mama mkwe wake, na Mama Nyiransabimana, ambaye alikuja na fimbo yake akilia na kusema mdomo wake ndio ulioanza. Yeye tulimpa kubeba nguo. Tulibeba watatu penye haja ya wanne wenye nguvu, na wanne wengine wa kubadilishana. Bega langu liliachia mara kumi na moja. Njia ile wewe uliyoshushwa kwa saa tatu, sisi tulitumia saba.

Uwizeye yuko hai. Mtoto alikuwa wa kike, walikuwa wameshamchagulia jina, Igihozo. Hakulia; muuguzi alisema tungewahi kwa saa mbili, angelia.

Sikuandikii kukulaumu peke yako. Wewe uliandika usichokijua, mimi nilificha nilichokijua, na kati yetu wawili tumekimaliza kitu ambacho vita viwili havikukimaliza. Ninaumia kulisema hili kuliko bega.

Habarurema amenipa filimbi, hataki kuiona nyumbani kwake. Nimeifunga kwenye kitambaa ndani ya bahasha hii. Mama Nyiransengimana hajui amebeba nini, usimwambie. Ikae kwako na mafaili ya zamani.

Nasikia mwakani mtakuja tena kuuliza. Mkifika kwetu, kwenye swali la kumi na nne, andikeni: hakuna. Safari hii mtakuwa mmeandika kweli.

Havugimana